Mtihani na Korongo: Upimaji wa Ujifunzaji katika Shahada ya Kwanza ya Uhandisi

Shahada ya uhandisi ni ahadi ambayo chuo kinawapa watu wasiowahi kukanyaga darasa lake: dereva wa lori anayevuka kalavati usiku, mama anayechota maji kwenye kioski cha kijiji, familia iliyojenga chini ya mlima kwa kuamini kwamba mtaro uliochimbwa juu ya makazi yao utahimili masika. Watu hao hawawezi kumhoji mhitimu wala kusoma karatasi zake za majibu, na wanalazimika kuamini kwamba waliompima walikipima kile kilichostahili kupimwa. Kwa hiyo upimaji wa ujifunzaji katika vyuo vya uhandisi hauwezi kuachwa mikononi mwa ofisi ya mitihani peke yake, kwa kuwa makosa yake hulipwa na wananchi walio mbali na chuo, tena miaka mingi baada ya matokeo kubandikwa ubaoni.

Istilahi mbili zinahitaji kutenganishwa tangu mwanzo. Upimaji ni ukusanyaji wa ushahidi kuhusu kile anachokijua mwanafunzi na anachoweza kukitenda, ilhali tathmini ni uamuzi unaotolewa kutokana na ushahidi huo. Vyuo vya Tanzania vina tathmini iliyopangika vizuri sana: alama hugeuzwa kuwa daraja, daraja hugeuzwa kuwa pointi, na pointi hujumlishwa kuwa wastani unaoandikwa kwa nukta moja ya desimali. Ushahidi unaobeba jengo hilo lote ndio mwembamba. Katika utaratibu uliozoeleka, kazi za muhula, yaani majaribio, mazoezi na ripoti za maabara, huchukua alama 40 kati ya 100, na mtihani wa mwisho wa saa chache huchukua alama 60. Na kwa kuwa mara nyingi majaribio ya muhula nayo ni mitihani midogo ya aina ileile, mwanafunzi hupimwa mara mbili au tatu kwa kitu kimoja na kuachwa bila kupimwa kwa mambo mengine mengi.

Kata ya Nangwa, wilayani Hanang katika mkoa wa Manyara, inafaa kutumika kulichunguza jambo hili kwa sababu karibu kila tawi la uhandisi lina kazi inayolisubiri pale. Nangwa iko kwenye njia ya Babati kwenda Katesh, katika barabara ya Singida, Babati na Minjingu ambayo ina urefu wa takriban kilomita 223 na ambayo kuwekwa kwake lami kulibadilisha maisha ya wakulima na wafugaji wa ukanda huo. Upande mmoja unasimama Mlima Hanang, volkano iliyolala yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, na kwenye miteremko yake maji ya mvua hushuka kwa kasi kupitia makorongo kuelekea mashamba, vijiji na barabara. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo iliporomoka na kushuka kama tope zito lililobeba mawe na magogo hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwemo Gendabi na Jorodom, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba miamba dhaifu ya mlima ilinyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia, na kwamba halikuwa tetemeko la ardhi wala mlipuko wa volkano. Janga hilo halitajwi hapa ili kumtupia lawama mhandisi yeyote, kwa maana nguvu za namna hiyo hazizuiliki kwa kalavati. Linatajwa kwa sababu linaonyesha aina ya tatizo analokabidhiwa kijana aliyehitimu uhandisi wa ujenzi anapopangiwa kazi na wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, au wakala wa maji vijijini, RUWASA, katika wilaya kama hii.

Sasa na lichukuliwe swali la mtihani la mfano, la namna inayofahamika kwa kila aliyesoma somo la haidrolojia, yaani elimu ya mwenendo wa maji juu ya ardhi na ndani yake. Swali linasema: dakio, yaani eneo linalokusanya maji na kuyaelekeza kwenye mkondo mmoja, lina ukubwa wa kilomita za mraba 2, mgawo wa mtiririko, maana yake sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini, ni 0.4, ukali wa mvua ni milimita 60 kwa saa, tafuta kiasi cha maji kitakachofika kwenye kalavati. Mwanafunzi huzidisha namba hizo tatu, huzidisha tena kwa 0.278 ili kulinganisha vipimo, na hupata mita za ujazo 13.3 kwa sekunde. Kazi hiyo humalizika kwa dakika nne, msahihishaji huweka alama kamili, na pande zote mbili huridhika.

Kilichopimwa hapo ni uwezo wa kukumbuka kanuni na kuzidisha bila kukosea, na uwezo huo una thamani yake, kwani mhandisi asiyeweza kuzidisha ni hatari. Lakini maswali yote magumu yalikuwa yamekwisha kujibiwa na mtunzi wa mtihani kabla mwanafunzi hajafunua karatasi. Nani aliamua kwamba mgawo ni 0.4, na je, namba hiyo itabaki hivyo mteremko ukikatwa miti, ukilimwa kuelekea chini au ukikanyagwa na mifugo katika miezi ya kiangazi? Mvua ya milimita 60 kwa saa ilipimwa katika kituo gani, kilicho umbali gani na kimo gani ukilinganisha na kilele, ilhali mvua ya mlimani na ya uwandani hutofautiana sana hata kwa siku moja? Mpaka wa dakio ulichorwa juu ya ramani ya mwaka gani? Na zaidi ya yote, je, kitakachoshuka kwenye korongo ni maji? Tope lenye mawe na magogo halifuati hesabu ya maji matupu: huongeza ujazo, huziba mdomo wa kalavati, na kuyalazimisha maji yanayofuata kutafuta njia juu ya lami au katikati ya nyumba, kiasi kwamba kalavati iliyokokotolewa kwa usahihi wote wa kanuni inaweza kushindwa katika dakika kumi za mwanzo. Hata mbinu ya kukadiria mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotolewa mwaka 1976 na maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara, ambayo wahandisi wa ukanda huu wameitumia kwa miongo kadhaa, humtaka mtumiaji aainishe aina ya udongo, mteremko na uoto wa mahali husika, mambo yasiyojulikana bila mtu kuvaa viatu na kwenda kutazama.

Swali hilohilo linaweza kuandikwa upya kwa namna inayopima uhandisi. Mwanafunzi apewe ramani ya miinuko ya mteremko mmoja wa Hanang, takwimu za mvua zenye miaka iliyokosekana kama zilivyo takwimu nyingi za kweli, na picha za makorongo mawili, moja lenye mchanga na moja lenye mawe makubwa kama meza. Asipewe mgawo wa mtiririko, wala asitajiwe kanuni. Atakiwe kuchagua mbinu na kuitetea, kukadiria kiasi cha maji na kutaja kadirio hilo linaweza kupotoka kwa kiasi gani, kueleza ni kitu gani kikigundulika kitamlazimisha abadilishe jibu, na kuorodhesha mambo ambayo hawezi kuyajua mpaka azungumze na wakazi. Kati ya alama 20, hesabu yenyewe ingetosha kupata 4. Wanafunzi kumi wangetoa majibu kumi tofauti, baadhi yao wakistahili alama za juu licha ya tofauti hizo, na mwanafunzi aliyetoa namba moja yenye desimali tatu bila neno la tahadhari angestahili kushindwa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya swali la aina hiyo hutoka kwa wahadhiri wenyewe, nalo ni la haki. Husemwa kwamba wasahihishaji wawili watatoa alama mbili tofauti, na kwamba mwanafunzi atakata rufaa. Wataalamu wa upimaji huzungumzia sifa mbili za kipimo: uthabiti, yaani kipimo kutoa matokeo yaleyale kikirudiwa au kikishikwa na mtu mwingine, na uhalali, yaani kipimo kupima kile kinachodaiwa kupimwa. Mizani ya gulioni inayotoa uzito uleule kila mara ina uthabiti, lakini ikiwa mnunuzi alitaka kujua kama mahindi yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa, uthabiti huo haumwambii chochote. Mtihani wa hesabu zenye jibu moja ni mizani ya namna hiyo. Njia ya kuongeza uthabiti bila kuua uhalali inafahamika na haina gharama kubwa: idara huandika vigezo vya kusahihishia kabla ya mtihani, ikieleza jibu dhaifu, la wastani na bora linaonekanaje; wasahihishaji husoma pamoja majibu machache na kukubaliana; kisha kazi zilizo mpakani husomwa na watu wawili. Kinachohitajika ni muda, na hapo ndipo ukweli mchungu ulipo, kwa sababu mhadhiri mwenye darasa la mamia ya wanafunzi hapewi muda huo, na mzigo wake wa kazi huhesabiwa kwa vipindi anavyofundisha bila kujali ubora wa maswali anayotunga.

Wanafunzi, kwa upande wao, huusoma mfumo kwa akili kuliko wanavyosoma vitabu. Maneno yao yanaeleza kila kitu: desa ni mkusanyiko wa muhtasari na maswali ya miaka iliyopita unaorithishwa kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, sapu ni mtihani wa marudio anaoufanya aliyeshindwa, kudisko ni kuondolewa chuoni kwa kushindwa mno. Mwanafunzi anayeogopa sapu, huku akijua kwamba kudisko ni mwisho wa mkopo na matumaini ya ukoo, hufanya uamuzi wa busara anapoachana na kitabu na kushika desa, ikiwa desa la mwaka juzi linatosha kumvusha mwaka huu. Si haki kumlaumu kwa uvivu. Maswali yanayojirudia ndiyo yaliyomfundisha kwamba uhandisi ni kutambua aina ya swali na kuchomeka namba mahali pake.

Kwamba hesabu sahihi inaweza kuishi pamoja na uelewa potofu lilithibitishwa zamani. Mwaka 1992 David Hestenes wa Arizona State University na wenzake walichapisha jaribio fupi la dhana za kani, yaani nguvu inayosukuma au kuvuta, lenye maswali ya kuchagua yasiyohitaji hesabu yoyote. Lilipotumika katika vyuo vya Marekani, wanafunzi wengi waliokwisha kufaulu fizikia walionekana wangali na mawazo yaleyale waliyokuja nayo kabla ya kufundishwa, na Eric Mazur wa Harvard, baada ya kuwapa wanafunzi wake jaribio la namna hiyo, alibadilisha kabisa namna yake ya kufundisha ili mihadhara ikatizwe na maswali ya dhana ambayo wanafunzi huyajadili wao kwa wao. Huo ndio upimaji wa kujengea, ambao lengo lake ni kumwonyesha mwalimu na mwanafunzi mahali uelewa ulipokwama wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha, tofauti na upimaji wa kuhitimishia unaokuja mambo yakiwa yamekwisha. Katika vyuo vya Afrika Mashariki upimaji wa kujengea umemezwa karibu wote na ule wa kuhitimishia, kwa sababu kila zoezi hugeuzwa kuwa alama, na mwanafunzi hujifunza kuficha asichokijua badala ya kukiuliza.

Historia ya elimu ya uhandisi nchini inaonyesha kwamba hali haikukusudiwa kuwa hivyo. Zama za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kutoka 1963 hadi 1970, Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, kama vile aliyetaka udaktari alivyokwenda Makerere. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilipoanzishwa mwaka 1973 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi, karakana na mafunzo kwa vitendo viwandani viliwekwa ndani ya shahada yenyewe, na hadi leo mwanafunzi hutumia wiki kadhaa za likizo ndefu akiwa kazini. Chuo cha Ufundi Arusha, kilicho karibu na Hanang kuliko Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Wajerumani pia, na mfumo wa umahiri unaosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, katika vyuo vya ufundi umejengwa juu ya wazo kwamba mwanafunzi lazima aonyeshe anachoweza kukifanya.

Duniani kote wazo hilo liliitwa matokeo ya ujifunzaji. Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989 yaliziunganisha nchi zinazotambuliana shahada za uhandisi, na Afrika Kusini ikajiunga mwaka 1999. ABET, chombo cha ithibati cha Marekani, kilipitisha vigezo vilivyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2001, ambavyo viliacha kuhesabu saa za mihadhara na kuvitaka vyuo vithibitishe matokeo 11, yakiwemo uwezo wa kusanifu, kufanya kazi katika timu, kuwasiliana na kutambua wajibu wa kimaadili. Baadaye orodha hiyo ilipunguzwa kuwa matokeo 7. Mageuzi hayo yalikuwa mazuri kwa nia, lakini yamezaa ugonjwa wake: majedwali marefu yanayoonyesha kwamba swali la pili sehemu ya tatu linapima tokeo la nne, yanayojazwa usiku wa kuamkia ukaguzi na kufungiwa kabatini wakaguzi wakiondoka. Chuo kinachotaka kuiga kitu kutoka huko kingefanya vyema kuiga swali lililoyazaa majedwali, yaani ushahidi uko wapi, na kuyaacha majedwali yenyewe.

Mahali pa kuupata ushahidi huo tayari papo, nako ni kwenye mafunzo kwa vitendo na mradi wa mwaka wa mwisho. Kwa bahati mbaya mafunzo kwa vitendo mara nyingi hupimwa kwa daftari la kumbukumbu za kila siku na ripoti, na daftari linaweza kujazwa na mtu aliyetumia wiki zote akipanga mafaili ofisini. Msimamizi kutoka chuoni hufika kwa saa chache, pengine akikuta kazi imesimama kwa sababu ya mvua. Ingetosha kubadilisha jambo moja: mwanafunzi anaporudi, akae nusu saa mbele ya watu wawili, mmoja akiwa mhandisi asiye mwajiriwa wa chuo, aulizwe kuhusu uamuzi mmoja alioushuhudia, kwa nini ulifanywa hivyo, ni njia gani nyingine ilikuwapo, na nini kingetokea kama udongo ungekuwa tofauti. Nusu saa ya maswali ya mdomo hufichua mengi kuliko kurasa 40 za ripoti, hasa wakati huu ambapo programu za kompyuta zinaweza kuandika ripoti safi kwa niaba ya mtu yeyote. Katika mradi wa mwisho, ambao kwa kawaida hufanywa na kikundi au chini ya msimamizi mmoja, maswali ya mdomo humtenganisha pia aliyefanya kazi na aliyebebwa na wenzake.

Jambo la lugha huguswa mara chache katika mijadala hii, ilhali ni la uhalali kabisa. Mtoto wa Nangwa huanza maisha kwa Kiiraqw au Kidatooga, hujifunza kusoma kwa Kiswahili, na huhamishiwa Kiingereza anapoingia sekondari. Akifika chuoni, swali refu la maelezo humpima Kiingereza na uhandisi kwa wakati mmoja, na alama moja inayotoka haisemi ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomwangusha. Wahadhiri wengi, kwa huruma, hukimbilia maswali ya hesabu ambayo hayana maneno, na kwa kufanya hivyo huondoa kwenye mtihani hoja, mashaka na utetezi, ambavyo ndivyo kiini cha taaluma. Dawa iliyo karibu ni kuruhusu sehemu ya kazi ifanywe kwa Kiswahili pale ambapo kazi yenyewe ni ya Kiswahili. Mhandisi wa wilaya ataandika zabuni kwa Kiingereza, lakini atasimama mbele ya mkutano wa kijiji kueleza kwa Kiswahili kwa nini kalavati inawekwa hapa na si pale, na atawasikiliza wazee wanaokumbuka maji yalipita wapi kabla hajazaliwa. Uwezo huo unaweza kupimwa, na usipopimwa hautafundishwa.

Hanang yenyewe ina kumbukumbu ya gharama ya uhandisi uliopimwa kwa upande mmoja. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba saba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yaliendeshwa wilayani humo kwa msaada wa Kanada, yakifikia karibu ekari 100,000. Kwa kipimo cha matrekta na magunia kazi ilifanyika na ngano ikavunwa, lakini Wabarabaig, wafugaji wa eneo hilo, walipoteza malisho na makaburi ya wazee wao, na sehemu za ardhi zilizolimwa kwa mashine zikachimbika makorongo. Ni jambo la uchungu kwamba katika nyanda za Mbulu, si mbali na hapo, Wairaqw walikuwa wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi kwa matuta, mifereji na mbolea ya mifugo. Katika maji ya kunywa somo ni hilohilo: mwanafunzi anaweza kukokotoa nguvu ya pampu ya kisima bila kosa hata moja, lakini katika ukanda wa Bonde la Ufa, ambako visima vingi vina floraidi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, jibu lisilouliza swali la floraidi ni jibu la kuwapa watoto meno ya kahawia na mifupa iliyopinda.

Nchi inaonekana kulijua pengo hili, kwa kuwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, haimpi mhitimu hadhi ya mhandisi mtaalamu kwa shahada tu, na tangu 2003 imeendesha mpango wa miaka mitatu wa kuwanoa wahitimu kazini chini ya wahandisi wazoefu. Mpango huo ni wa kusifiwa. Hata hivyo, kile kinachogunduliwa pale kuhusu udhaifu wa wahitimu kinahitaji kurudi kwa utaratibu rasmi kwa waliowafundisha, somo kwa somo, ili mtunzi wa mtihani wa haidrolojia ajue kwamba wanafunzi wake waliopata A hawakuweza kuchora mpaka wa dakio walipofika uwandani.

Seneti za vyuo zina mamlaka ya kubadilisha uzani wa alama na aina ya mitihani bila kusubiri sheria mpya wala mfadhili. Idara za uhandisi wa ujenzi zinaweza kuanza na swali moja tu katika mtihani wa mwaka wa nne: mteremko halisi wa Hanang, takwimu zenye mapengo, bila mgawo wa mtiririko, na dakika 15 za mwanafunzi kutetea jibu lake kwa mdomo. Zianze kabla ya msimu mwingine wa mvua.